Rangi Haipigani

Wahenga wetu hawakuwa watu wa kumwaga maneno ovyo. Waliposema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walikuwa wamekwisha kumwona mwanamke aliyejifungua salama, akanawa, akanywa uji, kisha akapita mitaani akisema kwamba mkunga yule ana mikono mizito na mdomo wake unanuka ugoro. Mwaka haukupita, uchungu ukamshika tena. Je, nani atumwe kumwita mkunga, na akifika mlangoni aseme nini? Maana ya methali hii ni kwamba tusimdharau mtu aliyetufaa, maadamu haja ya msaada wake haijaisha. Wapo walioikariri tangu shule ya msingi na hawaijui mpaka leo. Mmoja wao alikuwa Optatus, mwana wa marehemu mzee Stefano, wa Masasi mjini.

Optatus alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki, lakini sifa zake hazikutoka dukani. Zilitoka vitani. Si vita vya bunduki, Mungu apishie mbali. Ni vita vya mezani. Mchezo wenyewe ulianza Masasi kama mzaha. Vijana wachache waliuona kwenye simu, wakatamani wale askari wadogo wa plastiki, wakakosa pa kuwanunua. Mmoja akasema, "Ala! Watu wa huku, wachongaji tangu mababu, nasi tununue vinyago?" Basi wakachukua mti ule mwepesi unaochongewa barakoa za mapiko, ile ngoma ya Wamakonde, wakanoa visu, wakaanza kuchonga majeshi yao.

Huchezwa hivi. Meza mbili kubwa huunganishwa, na juu yake hupangwa vilima vya maboksi, mto wa kitambaa cha buluu na vichaka vya nyuzi za katani. Kila mchezaji huleta jeshi lake, askari wenye urefu wa kidole, wamegawanywa katika vikosi. Zamu yake ikifika hupima mwendo wa kikosi kwa futi ya fundi cherehani, kisha hurusha dadu kujua nani kaanguka na nani kasimama. Anayeshika kilima cha katikati mpaka mwisho ndiye mshindi. Na kwa kuwa kila kikosi kina rangi yake na kila kamanda ana alama zake, refa akitupa jicho mara moja anajua nani ni nani. Ndiyo maana ilipitishwa sheria kwamba askari asiye na rangi hapandi mezani. Aliyeipigania sheria hiyo mpaka ikapita ni Optatus mwenyewe, mwaka ambao jeshi lake ndilo lililong'aa kuliko yote. Hilo tuliweke pembeni, tutalihitaji baadaye.

Kombe la mashindano halikuwa la bati. Lilikuwa kinyago cha mpingo, watu waliopandiana mabegani kutoka chini hadi juu, na wa juu kabisa ameinua ngoma. Alikichonga mzee Stefano katika mwaka wa mwisho wa uhai wake, akakitoa kwa chama cha wachezaji kwa moyo mkunjufu. Baada ya hapo hakuchonga tena. Kanuni ya chama ilisema kwamba atakayeshinda mara tatu mfululizo atakichukua kiwe chake moja kwa moja. Optatus alikuwa ameshinda mara moja, na akili yake yote ilikuwa kwenye kinyago kile. Sebuleni kwake palikuwa na kimeza chini ya picha ya baba yake, na hapo hata mgeni wa heshima hakuruhusiwa kuweka kikombe cha chai.

"Hapo ni mahali pa mzee," alikuwa akisema. "Kazi ya mwisho ya baba yangu itarudi nyumbani."

Sasa, jeshi la Optatus lilipakwa rangi na nani? Na Mwanne, ambaye watu walimwita Mama Fatu, mwandika mabango. Ukiona Masasi neno "Hoteli" lenye kivuli kizuri nyuma ya herufi, au simba aliyechorwa kwenye kikinga matope cha bodaboda, ujue mkono wake umepita. Askari wa Optatus aliwatia macho, kucha na vifungo. Kamanda wao alimchora chale usoni kama za wazee wa zamani, mistari myembamba kama unywele, hata watu wakawa wanamwinua kumtazama karibu wakisahau kucheza. Hela yake alilipwa, hilo tusimsingizie Optatus. Tena walikuwa watani, maana koo zao zinataniana tangu enzi za mababu. Hawakuamkiana kwa heshima hata siku moja. Yeye alimwambia, "Mama Fatu, ukifa tutakuzika na brashi," naye alijibiwa, "Na wewe tutakuzika wima, ardhi ya bure huna." Siku ikapita kwa kicheko.

Mwaka jana fainali ilichezwa Masasi, na Optatus akashinda mara ya pili. Watu walimbeba juujuu. Mshereheshaji akampa kipaza sauti na kumuuliza juu ya mbinu zake, akaeleza, akaeleza tena, mpaka kichwa kikavimba kama andazi lililozidishiwa hamira. Ndipo mshereheshaji akauliza, "Na hizi rangi nzuri hivi, siri yake nini?"

"Rangi?" Optatus akacheka. "Jamani, rangi haipigani! Anayepigana ni mimi. Rangi hata kuku akikanyaga kopo akapita juu ya meza, kazi imekwisha!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kisha vichwa vyote vikamgeukia Mwanne, aliyekuwa amekaa safu ya tatu na binti yake Fatu. Watu walikuwa wakingoja jibu, kwa sababu mtani akitupiwa neno naye hulirudisha, tena kali zaidi, na hapo ndipo raha ilipo. Mwanne hakujibu. Alikunja kanga yake, akamshika Fatu mkono, akatoka. Na huku kwetu mtani akikaa kimya, jua kuna jambo.

Jioni ile Ethel, mke wa Optatus, hakumsifu mumewe hata kidogo.

"Baba Vero, kesho asubuhi nenda kwa Mama Fatu."

"Nikafanye nini?"

"Ukamwombe radhi."

"Radhi ya nini? Yule si mtani wangu? Leo ameanza kununa?"

"Utani ni wa watu wawili," Ethel akasema. "Ukitupa, naye anarusha. Wewe ulishika kipaza sauti, yeye alishika mkoba. Angerushia nini? Ule haukuwa utani, Baba Vero. Ulimpanda mabegani ili uonekane mrefu."

"Haya, nimesikia," akajibu Optatus, kwa sauti ya mtu ambaye hakusikia.

Hakwenda. Siku zikasonga, na neno lile la kuku likaota miguu. Watu walipita mbele ya kibanda cha Mwanne wakilia "Ko-ko-ko!" Mwenye mgahawa mmoja aliambiwa bei ya bango akajibu kwamba afadhali atafute kuku wake. Walidhani ni mzaha mzuri. Mwanne alivumilia mpaka msimu wa korosho ukaisha, kisha akafunga makopo yake, akapanda Newala kwa mama yake mzazi, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Newala hawakumlilia kama kuku. Waliofika kwake kwanza walikuwa wachezaji wa vita vya mezani, wakiongozwa na Arthur, mchongaji hodari na mpinzani mkubwa wa Optatus.

Optatus aliposikia, alitikisa mabega. "Na waende. Rangi haipigani. Safari hii nitapaka mwenyewe."

Na kupaka kulikuwa hakuepukiki, maana jeshi lilikuwa limechoka. Misimu miwili ya kushikwashikwa ilikuwa imebandua rangi kwenye vichwa na mabega, na refa wa mashindano, mzee Nikolao, fundi cherehani asiyejua kumwonea mtu haya, alikwisha kumtahadharisha kwamba askari wa namna hiyo hatawapokea. Fainali ilipangwa Newala, mwezi wa saba. Optatus akaahirisha leo, akaahirisha kesho, mpaka ikabaki wiki moja tu. Bahati nzuri, alijiambia, yeye kama bingwa mtetezi hachezi raundi za mwanzo, hungoja fainali.

Mwezi wa saba, asiyejua na ajue, ni mwezi wa salfa. Mikorosho inachanua, na mkulima asiyepulizia ule unga wa njano maua yake huliwa na ukungu. Optatus alikuwa na shamba Chiungutwa, akaenda huko ili akamilishe mambo mawili kwa safari moja: apulize salfa na apake jeshi. Alifika mchana, akapatana na Kulwa, mwenye mashine ya kupulizia, aje alfajiri, kwa sababu salfa hupulizwa majani yakiwa bado na umande ili unga ushike. Kisha akafungua makopo ya rangi ya mafuta, akapaka mpaka jua likazama. Alipaka haraka haraka, rangi nene, tabaka moja. Nyumba ya shambani ilikuwa ndogo na harufu ilimkaba, basi akawapanga askari wale, rangi ingali mbichi, uani juu ya bati, chini ya mkorosho mkubwa kuliko yote. Akalala kwa amani.

Alfajiri alisikia mashine ikinguruma. Akajigeuza, akafurahi kwamba Kulwa ni mtu wa ahadi. Akafumba macho tena. Halafu akayafumbua. Mkorosho! Bati!

Alitoka mbio amevaa taulo. Kulwa, kitambaa puani na miwani machoni, alikuwa amekwisha kuuzunguka mkorosho ule kwa bidii kubwa, na wingu la njano lilikuwa likishuka taratibu juu ya jeshi la bingwa. Rangi ya mafuta iliyo mbichi hushika unga kuliko jani lenye umande. Hapakuwa na nyekundu, hapakuwa na kijani, hapakuwa na kamanda wala askari wa kawaida. Wote walikuwa wa njano, wenye chengachenga mwili mzima, kama vipande vya samaki vilivyovingirishwa kwenye unga kabla ya kukaangwa.

"Kulwa! Umeniua!"

Kulwa akazima mashine, akashusha kitambaa. "Shikamoo, kaka. Si ulisema nianze na mkorosho mkubwa?"

Kweli ndivyo alivyosema. Optatus akaketi juu ya gogo akashika tama.

Angeishia hapo, huenda mambo yangekuwa nafuu. Lakini mtu aliyeona haya huongeza kosa juu ya kosa. Alichukua petroli kwenye pikipiki, akawaosha askari mmoja mmoja. Salfa ikatoka kidogo, rangi ikatoka yote, hata ile ya zamani ya Mwanne, na kwenye beseni pakabaki uji wa rangi ya matope. Kamanda akabaki mti mtupu. Chale zile nyembamba kama unywele zilikwenda na maji ya petroli. Optatus alimgeuza kamanda huku na huku akitafuta hata mstari mmoja.

Aliporudi Masasi na boksi lake, Ethel alilifungua, akachungulia, akalifunga. Hakucheka. Siku mbili zilipita Optatus akihangaika: alimpelekea kikosi kimoja fundi wa kupaka nyumba rangi, naye akamrudishia askari waliofanana na viberiti. Ilipofika Jumatano, maji yalimfika shingoni.

"Haya, sema," akamwambia mkewe. "Sema ile 'nilikuambia' yako."

"Sina haja ya kusema," Ethel akajibu. "Basi la Newala linaondoka saa mbili. Na usiende mikono mitupu. Newala maji ya shida mwezi huu. Chukua madumu mawili, nimeshayajaza."

Optatus akapanda Newala, boksi mapajani, madumu mawili miguuni, na aibu kifuani. Kila konda alipouliza mzigo ule ni wa nani, alijibu kwa sauti ya chini kama mtu aliyebeba magendo.

Mwanne alikuwa uani kwa mama yake, amekaa kwenye mkeka, mbele yake jeshi la Arthur, aliyekwisha kufika fainali, limepangwa juu ya ubao likipakwa upya, nusu limekamilika. Brashi zake zilikuwa kwenye kikopo chenye maji kiasi cha kulowesha ncha tu. Huko juu mlimani maji hayachezewi. Optatus akatua madumu, akavua kofia.

"Shikamoo, Mama Fatu."

Mwanne akasita, brashi hewani. Tangu wajuane hajawahi kusikia neno hilo kinywani mwake.

"Marahaba," akajibu polepole. "Leo shikamoo? Nani amefariki?"

"Jeshi langu."

Akalifungua boksi. Akaeleza yote: tabaka moja, bati, mkorosho, Kulwa, petroli. Hakuficha kitu, maana hata angeficha askari wenyewe wangesema. Mama yake Mwanne, aliyekuwa amekaa kizingitini akichambua kunde, alifunika mdomo kwa kanga, na mabega yake yakawa yanatikisika. Mwanne mwenyewe hakutabasamu. Alimchukua kamanda, akampitishia kidole gumba usoni, palipokuwa na chale.

"Nilimchora kwa unywele wa Fatu," akasema. "Brashi nyembamba kiasi hicho haiuzwi."

"Mama Fatu, nisamehe. Nilitania vibaya."

"Hukutania," Mwanne akasema, na sauti yake ikapanda kidogo. "Usilete utani hapa. Ungeniambia mimi uso kwa uso kwamba kuku ananishinda, ningekujibu mpaka ulie. Wewe uliwaambia watu. Niliishi Masasi miaka yote kwa mkono huu, halafu kwa siku moja wakaanza kunililia ko-ko-ko mbele ya mtoto wangu. Unajua Fatu aliniuliza nini? Aliniuliza, 'Mama, kwani kazi yako ni ya uongo?'"

Optatus akatazama chini.

"Na lingine hujui," Mwanne akaendelea. "Lile kombe unalolitaka, la marehemu baba yako, nani alilimaliza?"

"Baba."

"Baba yako alilichonga. Mwaka ule wewe ulikuwa Tunduru na biashara zako. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka, kisu kikawa kinamteleza kwenye nyuso. Aliniita, jirani yake. Nikakaa naye barazani, nikapiga msasa watu wale mmoja mmoja, nikawachora chale, nikawapaka dawa ya viatu, nikawasugua mpaka wakang'aa. Mzee alikaa ananitazama. Akaniambia, 'Mwanangu, mimi nimewatoa kwenye gogo, wewe umewatoa gizani.' Basi ndiyo rangi hiyo, Optatus. Ndiyo kazi ya kuku."

Optatus alikuwa akikumbuka kinyago kile kila siku, mng'ao wake, nyuso zake, na siku zote akijisemea kwamba anaiona mikono ya baba yake. Kumbe alikuwa akiona mikono miwili. Machozi yakamtoka waziwazi, mwanamume mzima na madumu yake ya maji, na hakujifuta.

"Nilimtukana hata mzee," akasema.

"Mzee hakusikia. Mimi nilisikia." Mwanne akamrudisha kamanda kwenye boksi. "Haya. Mimi sitaacha kazi ije mlangoni nikaifukuza kwa sababu ya aliyeileta. Nitapaka. Lakini Arthur ametangulia. Kisimani aliyefika kwanza ndiye anayeteka kwanza, na jeshi lake litakamilika kesho jioni. Kuanzia hapo mpaka Jumamosi asubuhi, nitakachopata ndicho utakachopata. Ungekuja mwezi uliopita, ungeondoka na jeshi zima."

"Nusu yatosha?"

"Hilo uwaulize wanaopigana. Si ulisema rangi haipigani?"

Optatus akalimeza. Akauliza kama anaweza kusaidia, akapewa msasa. Siku mbili zile alilala kwa jamaa wa mbali hapo Newala, na mchana kutwa alikaa kwenye mkeka akisugua chengachenga za salfa zilizobaki kwenye mti, askari mmoja baada ya mwingine, mpaka ncha za vidole zikaota malengelenge. Alijifunza kwamba rangi ya kwanza ni ya kushikilia zile zinazofuata, si ile inayoonekana. Alijifunza kungoja tabaka likauke kabla ya kuweka jingine. Mara moja alichovya brashi kwenye kikopo kwa fujo, maji yakamwagika, na mama yake Mwanne akamwonya kwa Kimakonde neno ambalo halifai kuandikwa hapa.

Jumamosi ukumbi wa Newala ulifurika. Kinyago cha mpingo kiliwekwa juu ya meza ndogo, na watu wa Masasi walikuwa wamekuja na basi zima kukisindikiza nyumbani. Optatus alipanga vikosi vyake mezani: vitatu. Vilipendeza kama vya bingwa, na kamanda alikuwa mbele na chale zake mpya. Vikosi vingine vitatu vilibaki kwenye boksi chini ya meza, mti mtupu, na habari za Kulwa na salfa yake zilikuwa zimekwisha kuenea ukumbi mzima.

Arthur aliangalia, akamsogelea refa. "Mzee Nikolao, mimi sina neno akiingiza na wale wasio na rangi. Tucheze kwa usawa."

Mzee Nikolao akajizungushia futi yake shingoni. "Wewe huna neno, sheria inalo. Askari asiye na rangi hapandi mezani. Nani aliyeileta sheria hii, Optatus?"

"Mimi," Optatus akajibu.

"Basi tucheze."

Wanaojua mchezo walisema baadaye kwamba hakuwahi kucheza vizuri kama siku ile. Kwa nusu ya jeshi alivuka mto wa buluu, akamzunguka Arthur kupitia vichakani, akapanda kilima cha katikati, na dadu zake zilikuwa za baraka. Watu wa Masasi wakaanza kupiga vigelegele. Lakini kilima ukikipanda lazima ukilinde, na kulinda kunataka watu. Arthur akaleta vikosi vyake kutoka pande mbili. Upande wa mto Optatus alihitaji kikosi kimoja tu, kisimame pale kivukoni kwa zamu mbili, basi, mchezo uwe wake. Alijikuta ameinama kuangalia chini ya meza. Boksi lilikuwa pale pale. Askari walikuwamo, wazima, wamepigwa msasa vizuri, hawana rangi. Akainuka mikono mitupu. Arthur akavuka kivukoni bila mtu wa kumzuia, akapanda kilima, na kamanda mwenye chale akaanguka wa mwisho.

Ukumbi ulipasuka kwa shangwe za Newala. Arthur akapewa kinyago, akakiinua. Mara mbili za Optatus zikafutika. Anayetaka tatu mfululizo sasa aanze moja. Optatus alikitazama kinyago kikipita mbele yake mikononi mwa mtu mwingine, karibu kiasi cha kukigusa, na alihisi kama amemzika baba yake mara ya pili. Lakini hakuondoka. Alimwendea mshereheshaji akaomba kipaza sauti. Aliyeshindwa haombi kipaza sauti, hivyo watu wakanyamaza.

"Mwaka jana mlinipa hiki," akasema, "nikasema rangi haipigani. Leo mmeona. Sikushindwa na dadu, wala sikuzidiwa akili na ndugu yangu Arthur, ingawa ni hodari. Nimeshindwa na askari walio chini ya meza hii, ambao hawana rangi kwa sababu nilimtukana anayewapaka. Na kile kinyago mnachokishangilia, mnadhani ni cha baba yangu peke yake. Nyuso zile, chale zile, mng'ao ule, ni kazi ya Mwanne, Mama Fatu. Mimi mwenyewe nimejua Jumatano. Mama Fatu, mbele ya watu wale wale nilikutukana, na mbele yao nakuomba radhi. Kuku ni mimi."

Vichwa vyote vikageuka, kama vilivyogeuka mwaka jana. Mwanne alikuwa amekaa pembeni na Fatu. Optatus alisimama na kipaza sauti mkononi, hajui akishushe au vipi. Kisha akafanya lile ambalo mwaka jana hakulifanya: akatembea mpaka pale alipokaa, akampa kile kipaza sauti.

Mwanne akainuka. Akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama fundi anayepima ukuta mbovu.

"Kuku?" akasema. "Usiwatukane kuku. Kuku ana akili ya kukimbia mashine ya salfa."

Lo! Ukumbi ulilipuka, Masasi na Newala pamoja, watu wakishikana mabega wasianguke. Fatu alicheka mpaka akaficha uso kwenye kanga ya mama yake. Na Optatus, aliyepoteza kombe lile lile alilolitengea mahali chini ya picha ya baba yake, alicheka kuliko wote, kwa kuwa mtani wake alikuwa amemjibu.

Jioni, boksi lililokuwa chini ya meza halikurudi Masasi. Lilibaki Newala, uani, juu ya mkeka wa Mwanne, likingoja zamu yake nyuma ya kazi za watu wengine. Optatus alipanda basi akiwa na madumu mawili matupu, ambayo aliahidi kuyaleta yamejaa mwezi ujao. Kimeza chini ya picha ya mzee Stefano kiko wazi mpaka leo. Mgeni akiuliza mbona hakina kitu, mwenye nyumba hamwelezi habari za dadu wala kivuko. Humjibu kwa maneno yale ambayo, kama angeyashika tangu shuleni, kinyago kingekuwa pale: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.